Alopurinoli au febuksostati: mwenye gauti achague ipi?

Vidonge vingi anavyopewa mwenye gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki, havigusi gauti yenyewe. Diklofenaki, ibuprofeni, prednisoloni, kolchisini: vyote hutuliza uvimbe wa kidole gumba au goti kwa siku chache, na mgonjwa anarudi kazini akiamini amepona. Asidi ya yuriki imebaki kwenye damu, fuwele zake zimebaki kwenye kiungo, na baada ya miezi kadhaa anaamka usiku hawezi kuvumilia hata shuka juu ya mguu.

Hapa tunazungumzia dawa za kundi jingine, zile zinazoshusha asidi yenyewe. Zipo kadhaa duniani, lakini mara nyingi mgonjwa wetu hujikuta akichagua kati ya mbili: alopurinoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Zyloric, na febuksostati, iliyokuja baadaye na ambayo kwa kawaida huuzwa ghali zaidi. Nitasema mapema ninakoegemea: kwa walio wengi, alopurinoli ianze. Febuksostati ni dawa nzuri inayongoja zamu yake. Bei si sababu pekee, na msomaji aliyewahi kusikia kwamba moja huua kwa moyo na nyingine huchubua ngozi anastahili kujua habari hizo zilitoka wapi na zina uzito gani.

Zinafanyaje kazi

Mwili huvunjavunja kemikali ziitwazo purini, nyingine zikitoka kwenye seli zake wenyewe na nyingine kwenye chakula, na mwisho wa kazi hiyo hubaki asidi ya yuriki. Kimeng'enya kinachokamilisha hatua ya mwisho kinaitwa zanthini oksidesi. Wanyama wengi wana kimeng'enya kingine cha kuivunja asidi hiyo zaidi. Binadamu hatuna, kwa hiyo tunategemea figo kuitoa. Ikipita kiasi cha miligramu 6.8 kwa desilita moja ya damu, haiyeyuki tena vizuri, na kama sukari iliyozidi kwenye chai, inaanza kutuama. Hutuama kwenye viungo, hasa vya baridi vilivyo mbali na moyo, na ndiyo maana kidole gumba cha mguu huumia kwanza.

Dawa zote mbili hukifunga kimeng'enya hichohicho. Tofauti ni njia. Alopurinoli ina umbo linalofanana na purini, na mwilini hugeuka kuwa oksipurinoli, ambayo hutolewa na figo. Febuksostati haifanani na purini na huchakatwa zaidi na ini. Tofauti hiyo ndogo ndiyo chanzo cha karibu maswali yote yanayofuata.

Alopurinoli ina historia ya kupendeza. Gertrude Elion na George Hitchings, wakifanya kazi kwenye kampuni ya Burroughs Wellcome huko Marekani, walikuwa wanatafuta namna ya kuifanya merkaptopurini, dawa ya saratani ya damu, isivunjwe haraka mwilini. Wakaona kwamba mgonjwa akimeza alopurinoli, asidi ya yuriki inashuka. Dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 1966 kwa ajili ya gauti, na mwaka 1988 wawili hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na James Black. Historia hii ina onyo lake hadi leo: mtu anayemeza azathiopurini au merkaptopurini, kwa mfano aliyepandikizwa figo au mwenye lupasi, asiguse alopurinoli wala febuksostati bila daktari kujua, kwa sababu azathiopurini au merkaptopurini hiyo itajaa mwilini na kuangamiza uboho. Katika hili dawa zetu mbili hazina tofauti.

Febuksostati ilitengenezwa na kampuni ya Teijin ya Japani. Ulaya iliiruhusu mwaka 2008, Marekani mwaka 2009.

Ipi inashusha asidi zaidi?

Ukiuliza mwuzaji, atakuambia febuksostati, na atakuwa na utafiti wa kukuonyesha. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la New England lilichapisha jaribio la wagonjwa 762. Waliomeza febuksostati ya miligramu 80, asilimia 53 walifika chini ya miligramu 6 kwa desilita, ambayo ndiyo lengo, na kubaki huko; waliomeza miligramu 120, asilimia 62. Waliopewa alopurinoli, asilimia 21 tu.

Namba hizo zimeuza vidonge vingi. Tazama lakini dozi: alopurinoli ilikuwa miligramu 300 kwa kila mtu, haipandi wala haishuki. Dawa hiyo inaruhusiwa kufika 800 Marekani na 900 Uingereza. Utafiti ule ulilinganisha febuksostati na alopurinoli iliyofungwa miguu.

Ilibidi tungoje hadi mwaka 2022 kuona mbio za haki. Watafiti wa mfumo wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani walichukua wagonjwa 940, wakawagawa kwa kura, na safari hii dozi ya kila mmoja ilipandishwa hadi afike kiwango kinachotakiwa: alopurinoli hadi 800, febuksostati hadi 120. Wagonjwa wapatao wanne kati ya watano walifika, pande zote mbili. Katika miezi ya mwisho ya ufuatiliaji, asilimia 36.5 ya waliomeza alopurinoli walipata angalau shambulio moja, dhidi ya asilimia 43.5 ya wa febuksostati. Kwa lugha ya watafiti, alopurinoli haikuwa duni. Zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa hao walikuwa na ugonjwa wa figo wa hatua ya tatu, jambo ambalo nitalirudia.

Kwa hiyo mtu anayesema "Zyloric haikunisaidia" aulizwe kwanza alifika dozi gani. Wengi huandikiwa 300 siku ya kwanza na kuachwa hapo kwa miaka. Mia tatu siku ya kwanza ni nyingi mno. Mia tatu miaka yote huenda ni chache mno. Njia inayokubalika ni kuanza na 100 kwa siku, au 50 kama figo zimechoka, kisha kupandisha kidogokidogo kila baada ya wiki kadhaa kwa kufuata kipimo cha damu. Febuksostati ina ngazi fupi: 40, kisha 80, na baadhi ya nchi 120. Mgonjwa asiyeweza kurudi kliniki mara kwa mara ataona faida katika ufupi huo, nami siwezi kumlaumu.

Moyo

Hapa ndipo hofu ilipo, na panahitaji kusomwa polepole.

Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya CARES, jaribio la wagonjwa 6,190 wa gauti katika Marekani, Kanada na Meksiko, wote wakiwa tayari wana ugonjwa wa moyo au mishipa. Ukijumlisha matatizo yote ya moyo pamoja, dawa zilikaribiana mno: asilimia 10.8 kwa febuksostati, 10.4 kwa alopurinoli. Lakini vifo vya moyo peke yake vilikuwa asilimia 4.3 dhidi ya 3.2, na vifo vya sababu zote 7.8 dhidi ya 6.4. Februari 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiwekea febuksostati onyo lake zito kabisa, lile la ndani ya kisanduku, na kusema ipewe tu wale ambao alopurinoli imewashinda au imewadhuru.

Udhaifu wa CARES ni mkubwa. Zaidi ya nusu ya washiriki waliacha dawa kabla ya mwisho, na asilimia 45 hawakufuatiliwa hadi mwisho. Vifo vingi vilitokea baada ya mgonjwa kuacha kidonge. Tena hakukuwa na kundi la kidonge kitupu kisicho na dawa, kwa hiyo hata tukiikubali tofauti hiyo, hatuwezi kujua kama febuksostati iliua au alopurinoli ililinda.

Mwaka 2020 likaja jibu kutoka Ulaya. Jaribio la FAST, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Dundee huko Uskoti, lilichukua watu 6,128 wa Uingereza, Denmaki na Uswidi, wenye umri wa miaka 60 au zaidi, waliokuwa tayari wanameza alopurinoli na wana angalau dalili moja ya hatari ya moyo. Nusu wakaendelea, nusu wakahamishiwa febuksostati. Ufuatiliaji ulikuwa wa miaka minne hivi, na safari hii walioutoroka walikuwa wachache. Waliofariki: asilimia 7.2 upande wa febuksostati, 8.6 upande wa alopurinoli. Mwelekeo umegeuka kabisa.

Je, FAST imeifuta CARES? Sidhani. Washiriki hawakuwa sawa. Wote wa CARES walikuwa wagonjwa wa moyo. Wa FAST ni theluthi moja hivi, na waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo au kiharusi miezi ya karibuni, au wenye moyo uliodhoofu sana, hawakuingizwa. Kwa mtu mwenye gauti na shinikizo la damu tu, FAST inanituliza. Kwa mtu aliyelazwa kwa mshtuko wa moyo mwaka jana, ningetaka alopurinoli ijaribiwe kwanza kwa dhati, ipandishwe hadi mwisho wake, kabla ya kufikiria nyingine. Ushauri kama huo haumgharimu chochote, kwa sababu tumeona alopurinoli iliyopandishwa vizuri inafanya kazi ileile.

Ngozi

Upande huu alopurinoli ndiyo inayobeba mzigo. Mtu mmoja kati ya elfu moja hivi hupata mzio mkali: homa, vipele vinavyogeuka malengelenge, ngozi kuchubuka, ini na figo kuumia. Ni adimu, lakini wanaoupata wapo wanaokufa. Hutokea zaidi katika wiki nane za mwanzo, na hatari huongezeka kwa anayeanza na dozi kubwa, hasa kama figo ni dhaifu. Ndiyo sababu nasisitiza kuanza chini.

Mwaka 2005 watafiti wa Taiwan waligundua kwamba wengi wa waathirika wa huko walikuwa na jeni inayoitwa HLA-B*58:01. Iko zaidi kwa Wachina wa Han, Wathai na Wakorea, na mwongozo wa Chuo cha Marekani cha Rumatolojia (tiba ya magonjwa ya viungo) wa mwaka 2020 unashauri ipimwe kwa watu wa asili hizo na kwa Wamarekani weusi kabla ya kuanza dawa. Mtu wa Afrika Mashariki asijiingize kwenye kundi hilo la mwisho kwa rangi ya ngozi tu. Asili kubwa ya Wamarekani weusi ni Afrika Magharibi na Kati, na Afrika ni pana kijenetiki kuliko mabara mengine yote. Msomaji anayeishi Marekani au Ulaya aombe kipimo hicho kama kinapatikana. Sisi tusioweza kukipata kirahisi tuna kinga iliyo rahisi zaidi: dozi ndogo ya kuanzia, na kuacha dawa siku ileile kipele kinapotokea, kisha kumwona daktari. Si kesho, si baada ya kumaliza karatasi ya vidonge.

Febuksostati nayo imewahi kuleta mzio wa ngozi, ila mara chache zaidi. Aliyewahi kupata mzio mkali wa alopurinoli asirudishiwe tena dawa hiyo hata kwa robo ya kidonge, na hapo febuksostati ndiyo mlango wake, chini ya uangalizi. Ini lipimwe kabla ya kuianza na baadaye.

Figo

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kupunguza alopurinoli kulingana na figo na kutovuka kiwango hicho kamwe. Matokeo yake, wenye figo mbovu, ambao gauti huwatesa zaidi, walibaki na dozi isiyofanya kitu. Jaribio la New Zealand lililochapishwa mwaka 2017, likiwa na wagonjwa 183, lilionyesha kwamba dozi inaweza kupandishwa taratibu zaidi ya kiwango kile cha zamani na asidi ikashuka bila kuongeza madhara makubwa. Jaribio la wanajeshi wastaafu nililolitaja juu nalo liliwaingiza wagonjwa wa figo wa hatua ya tatu. Mwongozo wa 2020 unaiweka alopurinoli mbele hata kwao. Anza chini zaidi, panda polepole zaidi, lakini panda.

Kuna wanaouza dawa hizi kwa ahadi kwamba zinaokoa figo hata kwa asiye na gauti. Jaribio la CKD-FIX la Australia na New Zealand, mwaka 2020, halikuona alopurinoli ikipunguza kasi ya figo kuharibika. Kwa hiyo mtu ambaye kipimo chake kimesoma 7.5 kwenye uchunguzi wa kawaida, hajawahi kuumwa kiungo wala hana mawe ya figo, kwa kawaida hahitaji dawa yoyote kati ya hizi.

Chaguo linalopita la kidonge

Uingereza, mjini Nottingham, wagonjwa 517 waligawanywa: nusu waliachwa na huduma ya kawaida ya daktari wao, nusu wakashughulikiwa na wauguzi waliofundishwa gauti, waliokaa nao, wakawaeleza ugonjwa, wakapandisha dozi hadi lengo. Baada ya miaka miwili, asilimia 95 ya waliokuwa na wauguzi walikuwa chini ya kiwango. Upande wa pili, asilimia 30. Dawa kwa sehemu kubwa ilikuwa ileile, alopurinoli. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018, na nikiulizwa ni utafiti gani mmoja wa gauti kila kliniki ya wilaya iusome, ni huu.

Si wataalamu wote wanaokubaliana kuhusu kufuata namba. Chuo cha Madaktari cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kilisema ushahidi wa kulenga kiwango maalumu hautoshi. Wataalamu wa rumatolojia wa Marekani na wa Ulaya wanasema lenga chini ya 6, na wale wa Ulaya huongeza chini ya 5 kwa gauti kali yenye vinundu vilivyokwisha kuota masikioni au vidoleni. Mimi niko na hawa. Fuwele haziyeyuki kwa matumaini, na mgonjwa asiye na namba ya kufuata huacha dawa siku maumivu yanapoondoka.

Au anaacha siku yanaporudi. Miezi ya mwanzo ya dawa yoyote kati ya hizi mbili mashambulizi yanaweza kuongezeka, kwa sababu fuwele za zamani zinapoanza kuyeyuka huuchokoza mwili. Wengi hutupa dawa hapo wakisema imewadhuru. Kolchisini kidogo kila siku kwa miezi mitatu hadi sita hupunguza balaa hilo, na kwenye jaribio la 2005 mashambulizi yaliongezeka pale kinga ilipoondolewa baada ya wiki nane tu. Shambulio likija, usiache dawa ya kushusha asidi. Ongeza ya kutuliza.

Kabla ya kulipa dirishani

Mgonjwa mpya, ngozi haina historia ya mzio, figo nzima au zimechoka kiasi: alopurinoli, 100 au chini ya hapo, ikipanda. Aliyepata kipele kibaya kwa alopurinoli, au aliyepandishwa kweli na hajafika: febuksostati. Aliyefika 300 na hajafika lengo bado hajashindwa na alopurinoli. Mwenye moyo mgonjwa azungumze na daktari wa moyo kabla ya febuksostati. Mjamzito, au anayetarajia kuwa, hali yake ni ya daktari tangu mwanzo.

Orodhesha pia dawa zako nyingine zote. Haidroklorothiazidi ya shinikizo la damu hupandisha asidi ya yuriki, ilhali losatani huishusha kidogo. Kubadilisha moja kwa nyingine huweza kupunguza mzigo bila kidonge kipya. Pirazinamidi ya kifua kikuu huipandisha sana, ila dozi hiyo haikatishwi kwa ajili ya gauti bila mganga wa kifua kikuu kusema. Anayetumia dawa za kufubaza virusi zenye ritonavir, au anayemeza klarithromaisini, awe macho na kolchisini: zikikutana, kolchisini hupanda mwilini hadi kuwa sumu.

Maharage yanasingiziwa. Uchunguzi wa wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani, uliotoka mwaka 2004, ulikuta nyama na samaki vikiongeza hatari ya gauti, maziwa yakiipunguza, na mboga na kunde zenye purini nyingi haziongezi. Bia iliongeza zaidi kuliko pombe kali. Punguza nyama choma na bia kwa faida nyingi, lakini chakula peke yake mara chache humshusha mtu wa 9 hadi chini ya 6.

Na kipimo cha kuanzia kisichukuliwe siku mguu umevimba. Wakati wa shambulio asidi kwenye damu huweza kushuka na kusomeka ya kawaida, mgonjwa akaambiwa hana gauti. Rudia wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kuisha, na uiandike namba hiyo mahali utakapoiona tena.